Meloni alivyoachwa mlangoni: vyama vya viongozi wa Umoja wa Ulaya na dili la Juni 2024

Kuna ile meza ambayo watu hupenda kuirusha kila baada ya uchaguzi wa Ulaya, picha ya bendera 27 na pembeni jina la kiongozi alafu rangi ya chama chake, buluu wahafidhina wa kati, nyekundu wajamaa, njano waliberali. Unahesabu, unasema haya, buluu wako wengi, wao ndo wenye baraza. Mi nilikua naisoma hivohivo miaka mingi mpaka kisa cha Juni 2024, viongozi wa Ulaya walipogawana vyeo vikubwa, kikanionyesha kwamba nilikua nahesabu kitu ambacho sicho. Kwahiyo leo nataka tukichambue hicho kisa kimoja tu, polepole, maana ndani yake kuna kila kitu: hesabu, majina ya vyama yanayodanganya, watu wanaobeba wapinzani wao wa nyumbani, na mama mmoja wa Roma aliyekua na kura nyingi kuliko karibu wote mezani ila akajikuta anapewa taarifa tu.

Kwanza tuwekane sawa, Baraza tunaloongelea ni lile la marais na mawaziri wakuu wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya, wanakaa Brussels kwenye jengo la Europa, lile lenye kitu kama yai kubwa la kioo katikati, ndani zulia, dari na milango ni viboksi vya rangi zote utadhani khanga zimeshonwa pamoja. Sio lile baraza jingine la Strasbourg lenye nchi 46, hilo ni la haki za binadamu na watu wanalichanganya kila siku. Kwenye huu ukumbi wa Brussels washauri hawaingii, wanakaa viongozi wenyewe, na wasaidizi wako nje wanasubiri kusimuliwa nini kimesemwa. Mikataba inawapa kazi ya kupendekeza jina la rais wa Kamisheni, chombo kinachoendesha kazi za kila siku za Umoja, kila baada ya miaka 5, huku wakizingatia matokeo ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, alafu bunge lenyewe ndo linapitisha au kukataa.

Sasa twende Juni 2024. Uchaguzi wa bunge umefanyika tarehe 6 mpaka 9. EPP, ile familia (yani muungano wa vyama vya nchi mbalimbali) ya wahafidhina wa kati na wakristo-demokrasia, wameshinda, baadae walipokaa walikua na viti 188 kati ya 720. Wajamaa wamebaki wa pili na 136. Waliberali wa Renew wamepigwa vibaya, na upande wa kulia zaidi umepanda. Ujerumani chama cha Kansela Scholz kimepata asilimia 13.9, wa tatu, nyuma hadi ya AfD, chama cha kulia zaidi. Ufaransa orodha ya Macron imepata chini ya nusu ya kura za kina Le Pen, usiku uleule Macron akavunja bunge lake la nyumbani. Ubelgiji De Croo kaangushwa kaaga na machozi. Italia? Chama cha waziri mkuu Giorgia Meloni, Fratelli d'Italia, kimepata karibu asilimia 29, cha kwanza, viti 24 Brussels. Yani kati ya viongozi wa nchi kubwa yeye ndo alitoka anatabasamu.

Na si hivo tu, tarehe 13 mpaka 15 Juni yeye ndo alikua mwenyeji wa G7 kule Borgo Egnazia, Puglia, wakubwa wa dunia wote wamekuja kwake, anawapokea mmojammoja, picha zile Scholz na Macron wanaonekana wamechoka na mwenyeji anang'aa. Hiyo ni Alhamisi mpaka Jumamosi. Jumatatu tarehe 17 viongozi wa Ulaya wakaitana Brussels kwa chakula cha jioni kisicho rasmi kuongelea nani apewe nini.

Na hapa ndo penyewe. Kabla ya hicho chakula kulikua na watu sita wameshajipa kazi ya kupanga. Wawili wa EPP: Donald Tusk wa Poland na Kyriakos Mitsotakis wa Ugiriki. Wawili wa wajamaa: Olaf Scholz na Pedro Sánchez wa Uhispania. Wawili wa waliberali: Emmanuel Macron na Mark Rutte wa Uholanzi, ambaye kusema kweli mguu mmoja ulikua nje, siku tisa baadae NATO ikamtangaza katibu mkuu wake. Sita hao wanaongea wao kwa wao, majina yako tayari: Ursula von der Leyen arudie Kamisheni (EPP), António Costa wa Ureno awe rais wa Baraza lenyewe (wajamaa), Kaja Kallas wa Estonia akae mambo ya nje (waliberali). Watatu, familia tatu, kila mtu kapata nyama yake. Meloni hakua chumbani. Sio kwamba alikataa, hakualikwa, maana chama chake kiko kwenye familia ya ECR, wahafidhina walio kulia zaidi ya EPP, na ECR haikua sehemu ya dili.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kamati ya harusi huku kwetu anaijua hii hali. Mi nilishawahi kukaa kwenye kamati moja, tunafika ukumbini tunafunguliwa soda, mwenyekiti anasema karibuni tujadili bajeti, ukiangalia karatasi namba zimeshachapwa, mpambaji kashalipwa advansi, kumbe kuna grupu jingine la watu watano la pembeni ambalo we haumo. Unajadili nini sasa? Unatikisa kichwa unachangia. Meloni alihisi hivo na hakuficha.

Ila turudi kwenye hesabu, maana huwezi kumlaumu au kumtetea mtu bila kuhesabu. Ili jina lipite kwenye Baraza kwa nafasi hizi inatakiwa kura nyingi za aina maalum, nchi 20 kati ya 27, na hizo nchi ziwe na angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Hakuna turufu ya mtu mmoja. Haya, ile Juni nani alikua na nani?

EPP walikua na Tusk, Mitsotakis, Nehammer wa Austria, Plenković wa Kroatia, Kristersson wa Sweden, Orpo wa Finland, Siliņa wa Latvia, Frieden wa Luxembourg, Harris wa Ireland, Montenegro wa Ureno, na Iohannis wa Romania. Kumi na moja. Ila hapo kwa Iohannis unaanza kukwaruzana na ile meza ya rangi, maana katiba ya Romania inamkataza rais kuwa mwanachama wa chama chochote akiwa madarakani, yani kikaratasi hana kadi, kila mtu anajua ametokea wapi basi anapakwa buluu. Na wakati huohuo waziri mkuu wa Romania, Ciolacu, alikua mjamaa! Nchi moja, serikali moja, ila kwa sababu anayepanda ndege kwenda Brussels ni rais, Romania inahesabiwa EPP. Cyprus nayo hivohivo, Christodoulides katokea chama cha DISY ambacho ni EPP, ila 2023 aligombea binafsi dhidi ya mgombea wa hukohuko DISY akashinda, sasa huyo utampaka rangi gani? Kuna wanaomhesabu, kuna wasiomhesabu, ndo maana utakuta meza moja inasema EPP 12 nyingine inasema 11 na wote wanajiona wako sahihi.

Wajamaa walikua wanne: Scholz, Sánchez, Frederiksen wa Denmark, Abela wa Malta. Robert Fico wa Slovakia anajiita mjamaa, chama chake kinaitwa hivo, lakini Oktoba 2023 wajamaa wa Ulaya walikisimamisha baada ya kukubali kuunda serikali na wazalendo wa mrengo wa kulia, kwahiyo alikua mjamaa asiye na nyumba. Waliberali walikua watano: Macron, Rutte, De Croo aliyekua anasubiri kukabidhi ofisi, Kallas mwenyewe, na Golob wa Slovenia.

Jumlisha: 11 na 4 na 5. Ishirini kamili. Ndo hiyo namba inayotakiwa, bila hata kumuongeza mtu wa Cyprus. Na upande wa watu, ukiwa na Ujerumani, Ufaransa, Uhispania na Poland kapu moja asilimia 65 unaipita bila jasho. Waliobaki nje ni Meloni, Fiala wa Czech ambaye naye ni ECR, Orbán wa Hungary ambaye wakati huo hakua na familia kabisa, Fico, Nausėda wa Lithuania ambaye ni huru kweli, Christodoulides, na Bulgaria iliyokua na serikali ya mpito baada ya uchaguzi mwingine tena. Saba. Hawa hata wangeshikana mikono wote wasingezuia kitu, kuzuia kwa idadi inatakiwa nchi nane.

Sasa angalia kitu ambacho meza ya rangi haikuambii. EPP ni 11 au 12 wa 27, wengi kuliko wote, lakini katika nchi nne kubwa kabisa, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uhispania, hawakua na hata moja. Kubwa yao ilikua Poland. Ukijumlisha watu wa nchi zao zote hawafiki hata theluthi ya Umoja, ni kama robo hivi. Kwahiyo wale "washindi" walikua na viti vingi mezani na watu wachache nyuma ya viti, na bila Scholz na Macron hawawezi kupitisha hata katibu muhtasi. Scholz na Macron waliochapwa nyumbani walikua wameshika funguo kwa sababu wapiga kura wa Juni walichagua wabunge, hawakuchagua viongozi. Viongozi walikuja na uchaguzi wao wa zamani, 2021, 2022. Baraza linatembea na saa yake na bunge lina saa yake, na mara nyingi hazisomi muda mmoja.

Hoja ya Meloni ilikua hii: jamani, bungeni ECR sasa tuko wa tatu, tumewapita waliberali, iweje waliberali walioanguka wapewe kiti na sisi tuliopanda tusiulizwe? Na kweli wiki ile ECR ilikua imeipita Renew, tena tarehe 21 Juni chama cha Babiš cha Czech kikajitoa Renew wakapungua zaidi. Hoja nzuri bungeni. Ila barazani waliberali wana viongozi watano na ECR wawili, na dili linafungwa barazani kwanza. Alikua anadai haki kwa risiti ya duka jingine.

Tarehe 17 usiku haikuisha vizuri hata kwa waliomo. EPP walinogewa, wakaja na wazo kwamba ile nafasi ya rais wa Baraza, ambayo muhula wake ni miaka miwili na nusu unaorudiwa mara moja, igawanywe, mjamaa akae nusu ya kwanza na wao wachukue nusu ya pili. Wajamaa wakasema hapana bana, mmeshachukua Kamisheni mnataka na hii. Wakaachana bila makubaliano. Tarehe 25 wale sita wakaongea tena wakamaliza, watatu walewale, hakuna kilichobadilika. Tarehe 26 Meloni kasimama bungeni kwao Roma akawasha moto, akalalamika kwamba majina yameletwa bila hata kujifanya watu wanajadili, na kwamba kuna wanaoona utawala wa wachache ndo njia pekee inayofaa. Kesho yake Tusk alipofika Brussels akawa mpole ghafla, anasema hakuna Ulaya bila Italia, ni kutoelewana tu. Maneno matamu, ila majina yakabaki yaleyale matatu.

Alhamisi tarehe 27 Juni, usiku, ikapigwa. Meloni alijizuia kwa von der Leyen, akamkataa Costa, akamkataa Kallas. Orbán akamkataa von der Leyen, kwa Kallas akajizuia. Kwisha. Na Fiala, ndugu yake Meloni kwenye ECR, hakumfuata kwenye kupinga. Yani familia ya watu wawili mezani na hao wawili hawakupiga kura moja! Hapo ndo unajiuliza hizi rangi maana yake nini hasa.

Na mfano ulionifurahisha kuliko wote ni wa Ureno. Costa alikua waziri mkuu mjamaa tangu 2015, Novemba 2023 akajiuzulu baada ya waendesha mashtaka kufungua uchunguzi wa rushwa na kulitaja jina lake, alafu baadae kidogo wakili wa mmoja wa watuhumiwa akasema waendesha mashtaka wamekiri kuna sehemu kwenye maandishi ya simu zilizonaswa walichanganya, António Costa aliyetajwa pale alikua António Costa Silva, waziri wa uchumi. Serikali imeshaanguka, uchaguzi umeshaitwa. Akaingia Luís Montenegro wa chama pinzani. Chama chenyewe kinaitwa Social Democrat, mtu asiyejua atakwambia haa hao si wajamaa wote, kumbe ndo wahafidhina wa Ureno na ni EPP kabisa. Majina ya vyama Ulaya yasikudanganye, angalia wanakaa kikao cha nani.

Sasa huyo Montenegro, EPP, aliyempokea kiti adui yake wa nyumbani, ndo akawa anampigia debe Costa awe rais wa Baraza, wakati huohuo EPP yake inataka kumkatia muhula nusu. Kwa nini? Mreno ni Mreno. Na upande wa pili Scholz, mjamaa, mmoja wa wasemaji wawili wa wajamaa kwenye yale mazungumzo, anambeba von der Leyen ambaye ni wa CDU, chama cha upinzani kwake Berlin, kilichokua kinajiandaa kumng'oa. Mjerumani ni Mjerumani. Kwahiyo katika nafasi kubwa mbili, kila mgombea alibebwa na kiongozi wa nchi yake ambaye ni mpinzani wake wa chama. Ukichora hiyo kwenye meza ya rangi inaonekana kama kosa la uchapaji.

(Kwa wanaopenda vitu vya kwetu, baba yake Costa, mwandishi Orlando da Costa, alizaliwa Lourenço Marques, ndo Maputo ya leo, familia ya Kigoa. Jirani kabisa.)

Tofautisha na aliyekosa mtu wa kumbeba. Nicolas Schmit wa Luxembourg, mnamkumbuka? Hamumkumbuki. Huyo ndo alikua mgombea mkuu wa wajamaa kwenye uchaguzi ule, picha yake kwenye mabango, midahalo yote kaenda, kwenye nadharia alikua anashindana na von der Leyen kuongoza Kamisheni. Kura zilivyoisha hakuna aliyemtaja. Si hivo tu, hata ukamishna aliokua nao akaukosa, maana kamishna anapendekezwa na serikali ya nyumbani, na nyumbani Luxembourg chama chake kilishatoka serikalini mwishoni mwa 2023, Frieden wa EPP akampeleka Christophe Hansen wa kwake. Kila nchi kamishna mmoja. Familia ya wajamaa yenye wabunge 136 haikua na namna ya kumpatia mgombea wake hata kiti cha pembeni. Wajumbe si watu, na hapa hata wajumbe wenyewe hawakua wake.

Basi kadi ya chama kazi yake nini, kama Fiala hamfuati Meloni na Montenegro anambeba mjamaa? Kwa ninavyoona mimi haipigi kura, inafungua mlango. Kabla ya kila mkutano mkubwa wa Baraza, saa chache kabla, familia hukutana pembeni, EPP na watu wao, wajamaa na wao, waliberali na wao, na wanakaa humo viongozi wa nchi, wakuu wa vyama, wabunge wakubwa na makamishna wa familia hiyo. Humo ndo mtu anajua mapema nani anataka nini, nani atalegea, nani anatafutiwa kazi. Ukiingia ukumbi wa zulia la rangirangi umeshajua nusu ya mchezo. Asiye na familia anausikia mezani.

Na hili Waingereza ndo waliolipa ada ya shule. David Cameron alipogombea uongozi wa chama chake 2005 aliwaahidi wabunge wanaochukia Ulaya kwamba ataitoa Conservative kwenye kundi la EPP, na 2009 akaitoa, wakaanzisha kundi lao jipya. Jina la hilo kundi? ECR. Hiyohiyo ya Meloni. Mwaka 2014 EPP wakamchagua Jean-Claude Juncker kuwa mgombea wao wa urais wa Kamisheni kwenye mkutano wao Dublin, Machi, Cameron hayupo, hana mtu wa kusimama aseme huyu hatumtaki. Alipoanza kupinga kwa nguvu Juncker alishakua mgombea. Akaenda Harpsund, Sweden, kuna ile picha maarufu ya kiboti, mwenyeji Reinfeldt, waziri mkuu wa Sweden, anapiga makasia, Merkel, Rutte na Cameron wamevaa makoti ya kuokolea wamekaa wima kama abiria wa kivuko cha Kigamboni siku ya upepo. Cameron akadhani ana wenzake. Ikapigwa kura, 26 kwa 2. Waliokataa ni yeye na Orbán tu, wale wa kwenye boti wote walishuka upande wa pili. Tarehe? 27 Juni 2014. Miaka kumi kamili, siku ileile, kabla ya Meloni. Kundi lilelile, mlango uleule.

Ila angalia na hapo, Orbán 2014 alikua EPP kindakindaki, kadi mfukoni, na akampinga mgombea wa EPP. Kwahiyo aliyekuwemo chumbani alipinga na asiyekuwemo alipinga, tofauti ni kwamba wa ndani hakuna aliyemgusa mpaka Machi 2019 waliposimamisha chama chake, na 2021 akaondoka mwenyewe kabla hajafukuzwa. Na 2019 hiyohiyo ndo ilikua kituko kingine kwenye kumtafuta rais wa Kamisheni, Weber, mgombea wa EPP, aligomewa na kina Macron, Merkel akakubali mpango wa kumpa mjamaa Timmermans, viongozi wa EPP wenyewe wakamgomea Merkel, mwisho likaibuka jina la von der Leyen ambalo hakuna mpiga kura aliyeliona kwenye bango, na Merkel, wa chama kilekile na nchi ileile, ikabidi ajizuie kumpigia kwa sababu wajamaa wa SPD aliokua nao serikalini hawakutaka. Kwenye meza ya rangi utaona buluu kampendekeza buluu.

Hapa kwetu mtu ataniuliza, mbona Jumuiya ya Afrika Mashariki hatuna haya? Jibu ni fupi, wakuu wa nchi kule wanaamua kwa makubaliano ya wote, uenyekiti unazunguka kwa nchi, ukatibu mkuu unazunguka kwa nchi, na CCM, NRM, RPF, CNDD-FDD hakuna familia ya kikanda inayowaweka chumba kimoja kabla ya mkutano Arusha. Mvutano ni nchi kwa nchi. Tusonge.

Kilichofuata baada ya ile Alhamisi ndo kinanifanya nisimsikitikie sana Meloni. Julai 18 bunge likampigia von der Leyen kwa siri, alihitaji 360 akapata 401, Fratelli d'Italia wakatangaza wamemkataa. Watu wakasema basi Italia imejimaliza. Septemba 17 von der Leyen anataja timu yake, Raffaele Fitto, mtu wa Meloni, kapewa umakamu wa rais mtendaji, anashika mafungu ya maendeleo ya mikoa, pesa nyingi mno. Wajamaa wakapiga kelele, wiki za Novemba zikawa za kuviziana, wewe ukimgusa wangu nami namgusa wako, na mgombea wa Uhispania, Teresa Ribera, akawekwa rehani upande wa pili. Novemba 20 wakaelewana. Novemba 27 Kamisheni nzima ikapita kwa 370 dhidi ya 282, na safari hii wabunge wa Meloni walipiga ndio. Alinyimwa kiti kwenye kikao cha pembeni kwa sababu ya familia, akapewa kiti kikubwa mbele kwa sababu Italia ina watu karibu milioni 59 na huwezi kuendesha Ulaya ukiwa umeinunisha. Orbán hakua na hiyo bahati. Tarehe 30 Juni, siku tatu tu baada ya kura, alikua Vienna na Babiš na Kickl wa Austria wanatangaza familia mpya, Patriots, ambayo bungeni ikaanza na viti 84 na kuwapita hata ECR ya Meloni, waliobaki na 78, huku Renew wakiwa 77. Kamishna wake akapewa afya na ustawi wa wanyama.

Na rangi zenyewe hazikai. Februari 2025 Bart De Wever wa Ubelgiji akaingia barazani, huyo ni ECR, kiti kilichokua cha njano kikageuka. Mei 2025 Scholz akatoka akaingia Merz wa CDU, na EPP kwa mara ya kwanza tangu Merkel aondoke wakapata Ujerumani. Desemba 2025 Babiš, yuleyule aliyejitoa Renew wiki ile ya dili, karudi kuwa waziri mkuu wa Czech kwa jina la Patriots, na Fiala nje. Wajamaa nao Oktoba 2025 wakamfukuza Fico moja kwa moja. Kati ya wale sita waliopanga, Rutte na Scholz hawapo tena mezani.

Muhula wa kwanza wa Costa unaisha tarehe 31 Mei 2027, na EPP hawajasahau ile nusu waliyoitaka kwenye kile chakula cha Jumatatu. Mwezi huohuo Macron naye anamaliza muhula wake wa pili.